Dereva Aliyepita Rwindi Jumanne

Kila asubuhi, kabla uji haujachemka, Kasereka aliwasha lori lake ambalo halikuwa likienda popote. Alikaa nyuma ya usukani kwa dakika kumi, akasikiliza injini, akakanyaga breki mara mbili tatu, kisha akazima na kushuka. Alisema gari lisipowashwa hufa. Majirani wa mtaa wa Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, walikuwa wameshauzoea moshi ule. Binti yake Charline, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hakuuzoea. Alikuwa akisimama mlangoni na bidoni la maji mkononi, akitazama lori likinguruma palepale lilipolala, na kila siku alikasirika upya.

Alikuwa na sababu. Kasereka alikuwa ameendesha lori kati ya Goma na Butembo kwa miaka kumi na mitano, na alikuwa amemwahidi binti yake safari. Walikuwa wameipanga pamoja mezani, kidole cha baba kikitembea juu ya kitambaa cha meza kutoka kituo hadi kituo. Wangesimama Kibumba kununua kabichi. Rutshuru wangekula maharage. Rwindi, katikati ya mbuga, wangetazama nyati na viboko bila hata kushuka garini. Kwenye mteremko wa Kabasha wangepumzisha injini na kuiangalia tambarare yote chini yao, mahali ambapo watu wa zamani walipasua mawe kwa nyundo ili barabara ipite. Baadaye wangeingia katika ukungu wa Lubero, na mwishowe wangefika Butembo, kwa nyanya yake, ambaye Charline alimjua kwa sauti ya simu tu.

Mzigo ulikuwa umeshapakiwa na begi la Charline limeshafungwa, vita vilipofika Rutshuru. Wakaambiwa wasubiri Krismasi. Krismasi ilipofika wakaambiwa wasubiri Pasaka. Mara tatu Charline alifunga begi, na mara tatu mama yake alilifungua ili apate nguo za shule. Sasa nyumbani hakuna aliyeahidi tena kitu. Ukiuliza lolote, jibu lilikuwa lilelile: njia imefungwa. Charline alichoka na neno hilo kiasi kwamba akilisikia alitamani kuziba masikio.

Ndiyo maana siku ile Mwalimu Constant alipoingia darasani na kuandika ubaoni "Barabara ya Goma hadi Butembo", Charline alinuna kabla hata hajasikia kazi yenyewe.

"Zamani darasa la sita la shule hii lilikuwa linapanda gari kila mwaka na kwenda kutazama nchi," Mwalimu alisema. "Mwaka huu hatutapanda kitu. Lakini siku barabara itakapofunguka, sitaki kumsikia hata mmoja wenu akiuliza inapita wapi. Kwa hiyo mtaipanga safari, wawili wawili. Chagueni vituo, choreni yanayofaa kutazamwa, na katika kila kituo mwandike maneno ya mtu halisi. Jina lake nani, aliishi huko lini au alipita siku gani. Jumamosi ya wiki ijayo wazazi watakuja kusikiliza."

Aubin, aliyekaa mbele, akauliza kama anaweza kutafuta habari katika simu ya kaka yake.

"Simu ya kaka yako ilishawahi kulala Kanyabayonga?" Mwalimu akamuuliza, na darasa likacheka.

Charline alitaka kufanya kazi na Alliance, rafiki yake wa mtaani. Akapangwa na Jolie. Jolie alikuwa amefika shuleni miezi minane iliyopita pamoja na wakimbizi waliotoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Edward, na alikuwa akiishi na mama yake na wadogo zake katika kambi ya Mugunga, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka shuleni. Aliandika polepole, herufi baada ya herufi, na akiandika alikuwa akiimba puani. Charline aliona bahati yake ni mbaya kabisa. Safari alinyimwa, na sasa hata safari ya karatasi alipangiwa pamoja na mtu wa kuimba puani.

Lakini kazi ilipoanza, Jolie ndiye aliyekuwa na akili. "Njo kwetu Mugunga," alisema. "Batu ya ile njia yote biko kule."

Kweli, walikuwa kule. Jumamosi mchana wasichana wale wawili walitembea kati ya vibanda vya maturubai, juu ya mawe meusi ya volkano, na kila walipouliza walipata kituo. Mzee Nyirarukundo, mama mwenye kitambaa cha manjano kichwani, aliwaeleza jinsi kabichi za Kibumba zinavyoamka na barafu nyembamba juu ya majani katika mwezi wa baridi. Mwanamume mmoja aliyekuwa fundi wa baiskeli Rutshuru aliwapa habari za soko la huko mpaka wino ukaisha katika kalamu ya kwanza. Barabara nzima ilikuwa imehamia Mugunga.

Mvua ikaanza, wakakimbilia kibanda cha kina Jolie. Mama yake, Léonie, alikuwa akichambua maharage. Jolie alipomwambia wanatafuta maneno ya kituo cha Vitshumbi, aliacha maharage.

"Andika hivi," alisema. "Asubuhi mitumbwi inarudi, na samaki ni ya moto bado kabla hata moto haujawaka, sababu ya jua ya kule. Kuko ndege kubwa, marabu. Zinatembea sokoni sawa wakubwa wa kijiji, zinangojea matumbo ya samaki. Mutu hazikimbie. Wewe ndiye utaziachia njia."

Charline akaandika. Kisha akauliza kwa adabu, kwa kuwa ndivyo mtu anavyouliza, kama Papa Jolie naye yuko hapa.

"Léopold alibakia na mutumbwi," Léonie alisema. "Alisema atatufuata. Tangu siku ile sijasikia sauti yake. Hadi Rutshuru mutu mwenye roho ngumu anaweza kujaribu na pikipiki. Shida ni pale Rwindi, katikati ya mbuga, mbele ya kufika kwetu. Hakuna mwenye anajua kama batu banapita ao hapana. Siku nitasikia mutu moja tu mwenye alipita Rwindi, mi siwezi lala hapa tena."

Charline alisikia maneno hayo vizuri. Lakini viatu vyake vilikuwa vimejaa maji, na mawazoni alikuwa akihesabu vituo vilivyobaki. Nyanya yake angesema kwa simu juu ya Lubero na Butembo, na mama yake, mzaliwa wa Kanyabayonga, kule juu ya mteremko, angesema juu ya Kabasha. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, Rwindi, na Rwindi ndicho kituo alichokipenda kuliko vyote.

Jumatatu baada ya masomo alikwenda kwenye maegesho ya malori ya Butembo. Madereva walikuwa wakicheza karata juu ya kasha la bia, malori yao nyuma yamejaa vumbi. Aliwasalimu, akaeleza kazi ya shule, akauliza nani aliyepita Rwindi.

"Rwindi?" mmoja akasema bila kuinua macho. "Mutoto, kule hata nzi haipiti. Rudia nyumbani."

Jumanne alirudi. Yule yule alimwambia yale yale, na safari hii wenzake walicheka. Basi jioni, jua likiwa bado juu ya vilima vya Sake, alimfuata baba yake aliyekuwa amelala chini ya lori akipaka grisi. Aliona miguu yake tu.

"Papa, nisaidie. Uniambie juu ya Rwindi, niandike."

"Usiniulize juu ya ile njia."

"Lakini uliipita mara nyingi kushinda batu bote ya huku."

"Charline. Nimesema."

Miguu haikusogea tena. Charline alibaki pale na kalamu mkononi, machozi ya hasira yakimchoma macho. Ilikuwa kama watu wote wakubwa wa mji huu wamekula kiapo cha kumfungia barabara, hata ile ya karatasi.

Jumatano alikaa kwenye ngazi ya lori na kaye yake, daftari la shule, juu ya magoti, na akaandika mwenyewe.

Hapa inafaa kusema kwamba Charline hakuwa mtoto wa mtu yeyote tu. Alikuwa mtoto wa dereva. Tangu utotoni alikuwa amewasikia madereva wakinywa chai kwao na kuulizana habari za njia, na alijua kwamba dereva haulizwi kama njia ni nzuri. Kila mtu anaweza kusema njia ni nzuri. Huulizwa mambo matatu: ni nani aliyepita, alipita siku gani, na alilala wapi. Neno lenye mambo hayo matatu, mtu anapakia mzigo wake juu yake na kuondoka. Charline aliyaweka yote matatu.

"Papa Julien, dereva wa lori la bluu," aliandika. "Alitoka Kanyabayonga Jumanne asubuhi, akapita Rwindi saa nne, akalala Kiwanja, karibu na Rutshuru. Njia ni nzuri. Aliona viboko watatu na nyati wengi kando ya barabara."

Aliyasoma tena, na hasira yake ikapoa. Kwa muda mrefu sana barabara ilikuwa imefungwa, na sasa ilikuwa wazi mbele yake, mistari minne tu lakini wazi. Alijisikia vizuri mno. Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kengele, alimpa Jolie kaye ili akachore picha nyumbani, kwa kuwa Jolie alikuwa na mkono mzuri wa kuchora.

"Huyu Papa Julien, ulimupata wapi?" Jolie aliuliza.

"Kwenye parking," Charline akajibu, na akainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Ijumaa Jolie hakuja asubuhi. Charline alianza kukasirika, maana kaye ilikuwa kwake na wazazi walikuwa wanakuja kesho. Wakati wa mapumziko ndipo alipomwona akiingia uwanjani bila sare ya shule, kaye imefungwa katika mfuko wa plastiki ili isilowe. Jolie alikuwa akitabasamu. Charline akagundua kwamba kwa miezi minane hakuwahi kuona meno yake.

"Nimemaliza kuchora," Jolie alisema. "Viboko ni vitatu, sawa vile alisema. Lakini kesho utasoma peke yako. Sisi tunaenda."

"Wapi?"

"Kwetu. Nilimusomea Mama kaye yote. Nilipofika pale pa Papa Julien akaniambia nisome tena. Nikasoma mara tatu. Akaniuliza alilala wapi, nikasema Kiwanja. Akasema basi, ni kweli. Kesho asubuhi saa kumi na mbili pikipiki inakuja kutubeba. Kibanda yetu Mama ameshapatia mama moja wa Masisi, alifika juzi na batoto wane." Jolie akamshika mkono. "Merci, Charline. Nitamwambia Papa wangu jina lako."

Hapo ndipo Charline alipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kengele ikalia, Jolie akakimbia kwenda kumsaidia mama yake kufunga mizigo, na Charline akaingia darasani akiwa na kaye kifuani.

Saa mbili zilizobaki hazikumwingia kichwani. Mwalimu aliandika hesabu za kugawanya, na Charline aliziona ubaoni kama mchanga. Alijaribu kujifariji. Labda njia kweli imefunguka. Labda pikipiki itaharibika. Labda askari watawarudisha Kibumba. Alijichukia kwa kila "labda" aliyoipata. Aliwaona wadogo zake Jolie juu ya pikipiki katikati ya mbuga, mahali ambapo yule dereva wa maegesho alisema hata nzi hapiti. Na waliyekuwa wakimwamini ni yeye.

Masomo yalipokwisha alikimbia nyumbani. Kasereka alikuwa amesimama kando ya lori, spana mkononi.

"Papa," Charline alianza, akihema, "kama dereva alipita Rwindi Jumanne..."

Hakumaliza. Uso wa baba yake ulikuwa umebadilika. Alitupa spana chini na kuanza kujifuta mikono kwenye suruali, haraka haraka, kama mtu anayeitwa.

"Nani? Nani alipita? Ni mwenzangu Valentin? Alilala wapi?"

Charline aliona kwamba baba yake alikuwa ameshaamini. Alikuwa hata ameanza kuangalia magurudumu. Hakuna adhabu ambayo ingemuuma kuliko kuuona uso ule.

"Hakuna mutu, Papa. Ni mimi niliandika, kwa kaye ya masomo. Ni bongo, ni uongo tu. Na Mama Jolie aliamini, anaenda kesho na batoto."

Kasereka aliokota spana. Akakaa juu ya gurudumu kuukuu lililokuwa pale.

"Uliandika na siku?"

"Ndiyo."

"Na mahali alilala?"

"Ndiyo, Papa."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Wote wawili walijua ni nani. Baba yake alitazama mikono yake yenye grisi.

"Nilikukatalia maneno yangu," alisema, "nawe ukaenda kutengeneza ya kwako. Ile kosa yangu nitaibeba. Lakini hii ya kwako, utaibeba wewe. Nitakupeleka Mugunga. Kusema, utasema mwenyewe."

Walikwenda kwa miguu, Kasereka mbele. Kutoka upande wa Sake ilisikika milio miwili mizito ya mizinga, na watu barabarani waligeuka, wakangoja, kisha wakaendelea na mwendo wao.

Mbele ya kibanda, Léonie alikuwa akifunga sufuria katika kitenge. Ndani, yule mama wa Masisi alikuwa ameshalaza watoto wake. Jolie alipomwona Charline alicheka kwa furaha, akidhani amekuja kuwaaga. Hilo lilifanya kazi kuwa ngumu zaidi.

"Mama Jolie," Charline alisema. "Papa Julien hayuko. Sikumuona kwenye parking. Nilimutunga, juu nilikuwa nataka kazi yetu ikamilike, na juu nilikuwa na hasira ya ile njia. Sijue kama mutu anapita Rwindi. Madereva banasema hakuna hata moja. Unisamehe."

Léonie alibaki ameshika mafundo ya kitenge. Hakupaza sauti. Charline alikuwa amejiandaa kwa makelele.

"Niliuliza mara tatu," Léonie alisema hatimaye, kana kwamba anazungumza na sufuria. "Niliuliza sawa vile inafaa kuuliza. Siku. Mahali alilala. Mimi si mujinga, Papa Charline. Niliuliza."

"Uliuliza vizuri, Mama," Kasereka akajibu. "Hata mimi ningeenda."

Léonie akafungua kitenge, akatoa sufuria, akaiweka chini. Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia bila kutoa sauti, na Jolie akamkumbatia shingoni. Jolie hakumtazama Charline. Hakumtazama kabisa, wala siku ile wala kesho yake.

Bado kulikuwa na jambo la kibanda. Yule mama wa Masisi alikuwa ametoka mlangoni na kusikia yote, mtoto mchanga mgongoni. Alisema kwa upole kwamba atatoka, ila hajui ataelekea wapi na mvua ya jioni inakuja. Léonie akasema hawezi kumtoa mtu ambaye ameshampa kibanda. Walitazamana, wanawake wawili na watoto saba, na turubai moja.

Kasereka alikuna kichwa. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakishuka juu ya Nyiragongo, akageuka, akaondoka bila kuaga. Baada ya saa moja na nusu alirudi na kijana mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na juu ya mbao za chukudu ile ilikuwa imekunjwa turubai ya lori lake. Turubai ile nzito ya kijani alikuwa ameinunua wiki ile ile mzigo wa safari ya Butembo ulipopakiwa, na tangu hapo alikuwa akiiosha, akiipiga viraka na kuikausha kila mwezi, ikingoja barabara.

"Papa," Charline alinong'ona, "na tukienda?"

"Hatuendi," Kasereka alisema. "Njia imefungwa. Shika huku."

Wakasimamisha miti, Charline akavuta kamba hadi viganja vikamwuma. Kabla giza halijaingia, kibanda cha pili kilikuwa kimesimama kando ya kile cha kwanza, kikubwa kuliko vyote katika mstari ule. Mvua iliponyesha, hakuna tone lililopita.

Jumamosi asubuhi Charline alimkuta Mwalimu Constant mlangoni mwa darasa na kumwambia kila kitu, kuanzia mwanzo. Aliomba kazi yao iondolewe.

"Hapana," Mwalimu alisema. "Utaisoma. Na ukifika Rwindi, utasoma kile unachokijua."

Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu. Jolie alikuja na mama yake, akakaa dawati la nyuma. Charline alisoma Kibumba na barafu juu ya kabichi. Alisoma Rutshuru. Kisha akashusha kaye.

"Kituo cha tatu ni Rwindi," alisema. "Hapa nilikuwa nimeandika maneno ya dereva ambaye hayupo, na kwa maneno hayo watu walikuwa karibu kuingia hatarini. Nimeyafuta. Kuhusu Rwindi hatuna mtu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa, kisha dawati likalia kwa kuachiwa uzito.

"Andika mimi," Kasereka alisema, amesimama, kofia mkononi. "Kasereka, dereva. Mara ya mwisho kupita Rwindi ilikuwa siku ya Ijumaa, wiki mbili kabla vita haijafika Rutshuru. Nililala Kanyabayonga. Palikuwa na nyati moja katikati ya barabara, muzee, pembe moja imevunjika. Alikataa kutoka. Nilizima injini nikamungojea nusu saa, na nilikuwa nakasirika juu ya mzigo wangu wa mboga." Akaigeuza kofia mkononi. "Sasa nusu saa ile ningeinunua. Sijapita tena. Kama njia iko namna gani leo, sijue, na sitasema."

Charline aliandika, maneno yote, na siku, na mahali alipolala. Alipoinua kichwa, Jolie alikuwa amefika mbele. Akachukua kaye kutoka mkononi mwake bila kumwangalia, akasoma kituo cha Vitshumbi polepole, herufi baada ya herufi, mpaka marabu wakapita sokoni mbele ya watu wote.

Kazi yao haikushinda. Iliyoshinda ilikuwa ya Aubin, ambaye aliiacha simu ya kaka yake na kwenda kumsikiliza babu yake. Mwalimu Constant alipomaliza kuwapongeza, aliwageukia wanafunzi wote.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Katika mji wetu huu watu hawana gazeti la kuwaambia wapi ni salama. Wana maneno ya wenzao. Mama anaamka asubuhi, anasikia jina, siku na mahali, na juu ya hayo anaamua kama abaki au aondoke na watoto. Kwa hiyo anayetunga habari hapa hachezi na karatasi. Anacheza na miguu ya watu. Barabara iliyofungwa tunaweza kuivumilia, ijapokuwa inatukera. Lakini tukianza kuambiana imefunguka wakati haijafunguka, tutakuwa tumepoteza hata njia ya mtu hadi kwa jirani yake. Usipojua, sema sijui. Ni neno fupi, na halijawahi kumuua mtu."

Hasira ya Charline haikuisha siku ile. Hata leo haijaisha. Kila asubuhi baba yake huwasha lori, sasa likiwa wazi mgongoni bila turubai, nalo hunguruma na kuzimika palepale. Tofauti ni kwamba Charline hupanda na kukaa kiti cha abiria, na kila Ijumaa Kasereka akirudi kutoka kwa madereva wenzake humwambia walichosema, naye hukiandika katika kaye ya njia.

Jumamosi huipeleka Mugunga. Wiki za kwanza Jolie alikuwa akiingia ndani akimwona. Wiki ya tano alibaki nje, akiimba puani.

"Charline," Léonie humwuliza kabla hata hajaketi, "njia?"

"Imefungwa, Mama."

"Nani anasema?"

"Papa yangu, na Papa Valentin."

"Siku gani?"

"Jana."

"Basi," Léonie husema, na kurudi kwenye maharage yake, maana amesikia kutoka kwa mtu anayemwamini.